Njiwa Sita na Vichwa vya Ndagala

Harufu ya ndagala wakikauka juani, imechanganyika na harufu kali ya mavi ya njiwa: hiyo ndiyo harufu ya kiangazi kile nilipokuwa na miaka kama tisa, hapa Kalemie, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, walikuwa wa jirani yetu Mama Feza. Aliwaanika kila asubuhi juu ya nyavu kuukuu, hatua chache kutoka kwetu, na ndio waliolisha watoto wake. Mavi yalikuwa ya njiwa wangu. Nilikuwa nao sita, nimeletewa na mjomba kutoka Manono ndani ya kikapu nyuma ya baiskeli, na nasema bila aibu kwamba niliwapenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kila asubuhi niliwamwagia mahindi yaliyopondwa chini ya kibanda chao. Walishuka kwa kishindo cha mabawa, na mimi nikasimama katikati yao kama chifu.

Kosa langu nililifanya kwa upendo. Kwetu mtoto mchanga akianza kula, mama anatwanga ndagala wakavu na kutia unga wao katika uji, ili mifupa ikomae. Nikawaza, kama inamfaa mtoto, njiwa wamekosa nini? Basi nikawa naokota vichwa vya ndagala jikoni, navitwanga, navichanganya na mahindi. Njiwa walichagua punje na kutupa samaki pembeni. Akaja kunguru mmoja, mwenye kola nyeupe kama padri. Wiki haikuisha, paa letu lilikuwa jeusi kwa kunguru. Wakimaliza vya kwangu, wanahamia kwa Mama Feza na kubeba ndagala wake mdomoni. Uwanja wetu ukawa jalala la makapi na manyoya, hata panya wakajikaribisha.

Asubuhi moja Mama Feza alisimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni.

"Papa Riziki! Mutoto wako ameolewa na kunguru, sasa mimi njo nalisha wakwe zake?"

"Mama Feza, utusamehe," alisema Papa, baba yangu.

"Huo musamaha nitaukaanga? Watoto wangu wale nini?"

Alipoondoka, Papa alinigeukia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Riziki, nakupa mpaka Jumamosi. Kunguru wakiwa bado hapa, tunakula njiwa na bukari ya muhogo. Na ninyi wengine, mtu asimsaidie."

Siku ya kwanza nililia tu. Ya pili nilichoka kulia, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa na kuwatazama ndege wanavyokula. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilitazama kitu vizuri maishani mwangu. Nikaona kunguru wanakimbilia samaki, si mahindi. Nikaona pia kwamba njiwa ni mdogo: anapita mahali ambapo kunguru anakwama mabega. Siku hiyo hiyo vichwa vya ndagala nilivizika nyuma ya choo. Nilikata matete kandokando ya mto Lukuga, nikayasimamisha kuzunguka sehemu ya kuwalishia njiwa, nikiacha kati ya tete na tete nafasi ya kupitisha njiwa mmoja. Nilipima kwa njiwa mwenyewe, nimemshika kifuani, naye ananikwaruza. Juu nikaezeka kipande cha bati. Chini nikatandika gunia, nikawa nalikung'uta na kulifua kila asubuhi. Na mahindi sikumwaga tena kopo zima, ila konzi moja, na nikasubiri liishe.

Kunguru hawakuniamini. Ijumaa mmoja wao aliingiza kichwa kati ya matete, kikagoma kutoka. Alipiga kelele hizo! Wenzake wote wakaja, wakazunguka juu ya ndagala wa Mama Feza kama moshi, naye akatoka mbio na mwiko, akilia, "Nimekufa, leo nimekufa!" Nikaona njiwa wangu wameshaiva. Nilimshika yule kunguru shingoni, nikapanua matete kwa goti, nikamvuta. Aliniuma hapa, chini ya kidole gumba, alama ipo. Nilipomwachia, alipaa moja kwa moja kuelekea ziwani, na kundi lote likamfuata. Hakuna ndagala hata mmoja aliyeguswa.

Jumamosi Papa alibeba kigoda, akakaa mbele ya kibanda tangu chai mpaka adhuhuri. Njiwa walikula, hakuna kunguru aliyetua. Nilifagia mara nne. Mwishowe alisimama, akamwita Mama Feza ng'ambo ya ua: "Kuja uone kazi ya mutoto wangu." Siku ile tulikula bukari na sombe ya majani ya muhogo, si njiwa.

Leo mimi ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, na nawaambia wazazi wao wazi: mnawaharibu. Mtoto anamwaga wali uwanjani, mama anafagia, kunguru anashiba, halafu familia nzima inatoka na mawe kumlaani kunguru. Sisi uchafu wa mtoto ulikuwa wa mtoto, tangu kumwaga hadi kukung'uta gunia. Najua kuna waliopigwa bure zamani zile, sizisifu zote. Lakini Papa hakunipiga, wala hakunichukulia njiwa wangu asubuhi ile Mama Feza alipokuja. Alinipa siku za kufikiri. Hizo ndizo ambazo watu wa leo hawana za kumpa mtoto, hata wenye nyumba ya ghorofa.