Ua la Nyuma ya Nyumba

Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Tangu ujana wake aliwashonea mabinti wa watu magauni ya harusi, na yeye mwenyewe aliolewa akiwa na gauni la kuazima, tena lililombana kwapani. Basi ilipofika zamu ya binti yake wa pekee, aliapa gauni lake halitafanana na la mtu.

Hakudarizi waridi, ng'o! Alichungulia dirishani, akakiangalia kichaka kilichojiotea nyuma ya nyumba, akakihamishia kwenye kitambaa: majani madogo yanayong'aa, yamekaa mawili mawili, maua meupe ya petali tano, yamesongamana vishadani, kwa nje yana wekundu wa mbali. Wekundu huo ulimtesa. Alishona, akafumua, akashona tena mpaka uzi ukatii.

Shangazi wa bwana harusi akaja kukagua. Alilishika gauni kwa ncha za vidole.

"Mwenzangu, haya si maua ya porini? Watu watasema tumeoa kichakani."

"Waache waseme, usiku watalala."

"Fumua, weka waridi. La sivyo, harusi yenyewe tutaifikiria upya."

"Mkasi ule pale mezani. Ukitaka kufumua, anza na mimi."

Shangazi aliondoka bila kuaga, mlango akaubamiza. Hapo ndipo Mama Cherehani alipoanza kujiuliza. Kujibu amejibu, lakini anayeolewa si yeye. Je, kama ameivunja nyumba ya mwanawe kabla haijajengwa, kwa sababu ya uzi? Aliogopa kwelikweli.

Binti alikuwa chumba cha pili, na yote ameyasikia. Akatoka, akalitandaza gauni mezani, akalipitia pindo kwa pindo. Mama akasubiri kilio.

"Mama, miiba iko wapi?"

"Nini?"

"Kile kichaka kina miiba, tena mirefu, kila penye majani. Kimenichana tangu utotoni. Mbona hukuiweka?"

Mama Cherehani, bingwa wa majibu, akababaika. "Nilisema... nisiwachokoze sana wakwe zako, mwanangu."

Binti akavuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano, akampa mama yake.

"Iweke yote. Anza na mkono huu wa kulia, ndio atakaoushika shangazi akija kunipongeza."