Bi Milimita Ahamisha Ubongo wa Mashine

Watu walimwita Bi Milimita, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Mlango ukipishana na fremu yake kwa unene wa ukucha, aliushusha, akaupiga randa, akaupandisha tena, hata kama mwenye nyumba ameshasema basi, imetosha.

"Wewe umeridhika," angemwambia, "mlango bado."

Alikuwa seremala wa miaka ishirini na sita kazini, mfupi wa kimo lakini mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Penseli haikutoka sikioni mwake. Mumewe aliapa kwamba hata kitandani analala nayo.

Fahari ya karakana yake ilikuwa mashine moja ya mtumba: meza ya chuma, na juu yake kisu kinachozunguka na kutembea kwa amri ya kompyuta, kikichonga maua, herufi, chochote ulichochora. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama sanduku la safari. Ilikaa chini ya meza na kwa miaka tisa ilikuwa imevuta vumbi la mbao kama mtu avutaye kiko.

Jumanne moja asubuhi aliiwasha aanze kazi ya shule ya chekechea: vibao vya herufi zote, kila herufi urefu wa sentimita kumi, ili watoto wazifuatishe kwa vidole. Shule ingefunguliwa Jumatatu. Kompyuta ikakohoa mara tatu, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza.

Mumewe, mwoka mikate wa duka la jirani, alikuja na unga mpaka kwenye nyusi.

"Pole, mke wangu. Marehemu aliugua muda mrefu?"

"Nicheke au nikurushie patasi?"

"Mwite dada yangu."

Bi Milimita akakunja uso. Huyo wifi yake alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali, mtu wa kufungua na kufunga kila chenye waya, na utani baina yao haukuwa na likizo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, wifi alisema mbele za watu kwamba kitanda alichokichonga bibi harusi kinalia. Neno hilo halijasahauliwa mpaka leo. Lakini mwenye shida hachagui mlango wa kubisha. Akapiga simu.

Wifi alifika Jumatano mchana, akatia mkono mkobani na kutoa kitu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Hiyo nini?"

"Kompyuta."

"Wifi, nina kazi. Utani baadaye."

"Ndogo si haba, mama. Bei yake haifiki ya hivi viatu vyangu, na mashine yako itaisukuma bila jasho. Hebu sogea."

Akaeleza huku mikono ikienda. Programu ya zamani ilizoea lile sanduku tu, isingekubali kuhama. Lakini ipo nyingine, inayotolewa bure, inayokaa vizuri kwenye kompyuta ndogo. Akaitia kwenye kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, akaichomeka, akaunganisha mota za mashine waya kwa waya. Michoro yote ilipatikana salama kwenye diski ya marehemu. Kilichopotea ni faili la vipimo, linaloiambia mota ipige hatua ngapi ili kisu kisogee milimita moja.

"Nitabahatisha mia na sitini," wifi akasema.

"Kubahatisha? Humu ndani?"

Kwanza waliiendesha bila kisu, mkono wa Bi Milimita ukiwa juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha. Ilipotulia wakafunga kisu na kuchonga herufi A. Ikatoka safi, kingo laini, ila ndogo. Bi Milimita akaweka rula ya chuma. Milimita themanini.

Wifi akaanza kufungua kurasa za maelekezo kwenye simu, akisoma na kuguna. Bi Milimita alichomoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao.

"Umeiambia mia na sitini?"

"Ndiyo."

"Nataka mia, inanipa themanini. Basi mia na sitini zidisha kwa mia, gawanya kwa themanini. Weka mia mbili."

Wifi akaiweka simu chini.

"Nani kakufundisha haya?"

"Kile kitanda kinacholia."

Wakaweka mia mbili. Wakachonga A nyingine, rula ikawekwa: mia kamili, juu na upande. Bi Milimita alipiga kigelegele mpaka mwoka mikate akatoka dukani mbio akidhani kumetokea ajali. Wakakumbatiana wote watatu, wakafunga ubao mpya, wakaiachia mashine herufi B.

Ikatoka imegeuka. Mgongo kulia, matumbo kushoto.

"Mbona hii imenuna?" mume akauliza. "Nani kaiudhi?"

Bi Milimita alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. A ukiigeuza kushoto au kulia ni ileile; iliwadanganya kwa uso wa utakatifu. Mota moja ilikuwa ikienda kinyume muda wote. Wifi akafuta machozi, akaongeza alama ya kutoa mbele ya ile mia mbili ya mota hiyo, na B iliyofuata ilitazama inakotakiwa.

Alhamisi, mashine ikiendelea kuchonga, Bi Milimita aliitengenezea kompyuta nyumba: kisanduku cha mbao kilichobana pembe zote, chenye dirisha la kitambaa ili hewa ipite na vumbi libaki nje. Jumamosi mchana kibao cha mwisho kikapigwa msasa. Jumatatu mwalimu mkuu alivipokea mlangoni mwenyewe, na kabla havijatundikwa watoto walishakaa sakafuni wakivipitishia vidole.

Jioni ile wifi alipita, akaichomoa ile kadi na kumkabidhi nyingine tupu.

"Sasa anza mwenyewe. Tangu mwanzo."

"Mimi? Mimi ni wa mbao."

"Na hesabu ya juzi ilikuwa ya nani?"

Ilimchukua saa mbili na matusi madogomadogo. Alikosea mara moja, akarudi nyuma, akaandika kila hatua ubaoni kwa penseli. Mashine ilipopiga mwendo wake wa kwanza kwa kadi aliyoiandaa yeye, alisimama mikono kiunoni. Kisha akachungulia barabarani, akamwita jirani yake fundi wa madirisha, ambaye mashine yake ya aina ileile ilikuwa imefunikwa turubai tangu kompyuta yake ilipokufa mwaka jana.

"Wewe! Lile sanduku lako lililokufa, kesho niletee. Na ile mashine uifute vumbi kabla sijafika."