Jungu la Torvik na Brandt

Arlys Tollefsrud hakuwahi kucheza mchezo wowote maishani mwake. Ukimwuliza kuhusu futiboli, ile ya kwao ya kukumbatia mpira na kuvaa kofia ngumu, atakuambia vijana wanagongana mpaka filimbi ilie, halafu watu wanakula. Hapo kwenye kula ndipo alipokuwa na kauli. Kwa miaka thelathini na minane alipika katika Chuo cha Torvik, na kila mwaka jungu lilipokuwa kwao, yeye ndiye aliyelilea.

Lilikuwa jungu la chuma, zito kama dhambi, lililotoka kwenye kambi ya wakata magogo kabla chuo hakijajengwa. Mjukuu wake mmoja aliwahi kuketi ndani yake akaenea vizuri tu. Kila Novemba Torvik walicheza na Chuo cha Brandt, ng'ambo ya mto, maili kumi na mbili, na mshindi alikaa na jungu mwaka mzima. Lakini kwanza lilipikiwa. Tangu alfajiri wapishi wa vyuo vyote viwili walisimama nje ya uwanja, kwenye baridi ya kukata masikio, wakikoroga pamoja supu ya maharage na nyama ya nguruwe ya moshi. Mechi ikiisha, mpishi wa washindi alishika upawa, na waliofungwa ndio waliokula kwanza. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyekumbuka, na hakuna aliyethubutu kubadili.

Mpishi wa Brandt alikuwa Vlasta Kubicek, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao haukuisha: kisibiti, ile mbegu ya kiungo yenye harufu kali. Vlasta alikiweka katika kila kitu. Arlys alisema kinanuka kama kabati la bibi yake.

"Shoga, maharage yako hayo yamepooza," Vlasta angesema. "Ukimpa mgonjwa atadhani ameshakufa."

"Na yako yatamfufua, akimbie."

Walipenda kuonana kuliko walivyokubali kusema. Ila jambo moja Arlys hakulifanya kamwe. Torvik wakifungwa, wachezaji walikula, makocha walikula, hata mchungaji alikula. Vlasta alipomnyooshea bakuli, Arlys alikuwa ghafla ameinama chini ya meza, anatafuta mfuniko. Miaka thelathini na minane alitafuta mifuniko. Kiburi cha mwanamke yule kilikuwa cha kimyakimya, na kwa hiyo kibaya zaidi.

Kisha, masika moja, mkurugenzi wa michezo wa chuo, Bwana Trent Maddigan, kijana mwenye meno mazuri, aliwaita wafanyakazi ukumbini. Torvik wanahamia ligi kubwa, alisema. Huko ndiko kwenye fedha za televisheni. Timu zitasafiri kwa ndege mpaka Texas na Arizona. Ili kulipia safari hizo, mieleka itafutwa, na kuogelea pia. Watu wakapiga makofi kwa adabu, isipokuwa kocha wa kuogelea, aliyekuwa anavitazama viatu vyake.

Arlys akanyoosha mkono. "Na Brandt je?"

"Ratiba imejaa, Bi Arlys. Sasa ligi ndiyo inayopanga."

"Wako hapo ng'ambo tu. Ukipiga chafya wanakusikia."

"Ni chuo kidogo. Hakuna anayelipia kuitazama mechi ile."

Basi ikaamuliwa: Novemba hiyo mechi ya mwisho, na atakayeshinda atakaa na jungu daima. Tangu siku hiyo Arlys hakuwa na raha. Mtu aliyekuwa hajui matokeo ya mechi mpaka aone nani kashika upawa, sasa alikuwa akiuliza hali ya magoti ya vijana. Alisali washinde, ingawa mchungaji alishasema Mungu hajishughulishi na futiboli. Kama jungu lingebaki ng'ambo, hangekuwa na sababu ya kuligusa tena, na yeye alilijua kila kovu.

Torvik walishinda, thelathini na moja kwa kumi. Vlasta alimkabidhi upawa mbele ya watu.

"Haya, mwenzangu, limekuwa lako. Na usilisugue kwa sabuni, utang'oa mafuta yaliyokolea chumani."

"Nani kakuambia mimi nasugua kwa sabuni?"

"Nakukumbusha tu."

Vlasta akapanga foleni wa kwanza, akala, akasema inataka kisibiti. Macho yalikuwa yakimtoka machozi, naye akausingizia moshi. Arlys alimwonea huruma kweli, lakini ndani ya huruma ile kulikuwa na furaha, na alijua.

Januari Bwana Maddigan akaja jikoni. Chuo kilikuwa kimejenga jumba jipya la michezo lenye majina ya wafadhili ukutani, na jungu lingewekwa hapo mlangoni, wageni walione. Arlys alilisugua kwa chumvi na kitambaa kikavu, akalipaka mafuta, akalifunga kwenye blanketi la nyumbani kwake, akalitoa kwa mikono yake mwenyewe. Aliona ni heshima.

Wiki tatu baadaye alikwenda kuliangalia. Lilikuwa ndani ya kioo, chini ya taa, linametameta. Walikuwa wamelipiga mchanga kwa mashine mpaka weusi wote ukatoka, kisha wakalipaka rangi ya fedha na kulichora nembo ya Torvik tumboni. Mafuta ya miaka mia, ya akina mama ambao hata majina yao hayakuandikwa popote, yalikuwa yamefagiliwa sakafuni mwa karakana fulani.

"Limependeza, sivyo?" alisema Bwana Maddigan. Hakuwa mtu mbaya. Alifurahi kwa dhati.

"Hili halipiki tena."

"Bi Arlys, hilo ni kombe."

Alirudi jikoni, akaingia stoo, akakaa juu ya gunia la unga akalia kama mtoto. Hakumwambia Vlasta. Angeanzia wapi?

Novemba ikarudi. Torvik walikuwa Arizona, safari ya saa nne kwa ndege, na mji ukawa kimya kama siku ya mazishi. Arlys alizunguka nyumbani mpaka akachoka na nafsi yake. Akapakia sufuria yake kubwa kwenye gari akavuka daraja.

Brandt walikuwa wakicheza na chuo kingine kidogo. Nje ya uwanja Vlasta alikuwa akikoroga kwenye sufuria ya alumini iliyopinda ukingo.

"Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuzuia usiweke kisibiti."

"Umechelewa. Nimeshaweka."

Wakakoroga bega kwa bega. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza. Ndipo Arlys akasema, bila kumtazama, "Wamelipaka rangi, Vlasta. Wamelikwangua lote. Mimi ndiye niliyewapa."

Upawa ukasimama. Arlys alingoja tusi, na angelipokea, maana alilistahili. Vlasta akapiga ishara ya msalaba, akaendelea kukoroga.

Brandt walishinda. Wageni waliofungwa wakaja na mabakuli yao, matope mpaka nyusi. Redio ya mtu fulani ikatangaza kwamba huko Arizona Torvik nao wameshinda. Vlasta akawainulia wageni kiganja. "Ngojeni kidogo, wanangu." Akajaza bakuli mpaka juu, akamnyooshea Arlys.

"Torvik wameshinda," alisema Arlys. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Aliyeshindwa anakula kwanza."

Hakusema kwa kejeli. Mfuniko ulikuwa pale pale mezani, wazi, mbele ya macho yao wote wawili. Arlys akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Supu ilikuwa na kisibiti kingi mno, naye akainywa yote, kisha akalikwangua bakuli kwa kijiko.