Inama, Nishimwe

Épiphanie Uwayezu alikuwa ameshika migongo mingi ya watu wa Rusizi: wafanyakazi wa saruji wa Bugarama, wakulima wa mpunga, kina mama waliozoea mizigo tangu utoto. Alikuwa kine, ndivyo watu wa Kamembe wanavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hakuwahi kudhani kwamba mgongo wake mwenyewe una neno.

Mwaka jana hospitali ilimtuma Kigali kwenye mafunzo ya juu ya skoliosi, ule mgongo unaopinda ubavuni na kujisokota: namna ya kuutunza kwa mazoezi, pumzi na koreseti, lile vazi gumu la kushikilia kiwiliwili, bila kisu. Washiriki wakapimana wao kwa wao. Épiphanie akainama, mikono ikining'inia. Mwenzake Habineza, aliyesimama nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni.

"Dada, ubavu wako wa kulia umeinuka."

Mwalimu akaja na kipimo, akakubali. Mpindo ni mdogo, akasema, na kwa mtu mzima si wa kutisha. Kisha akauliza, "Una watoto?"

Alikuwa naye mmoja, Nishimwe, binti anayerefuka kama mahindi wakati wa mvua. Na mpindo huu mara nyingi hufuata damu, tena huongezeka mbio pale mtoto anapokua. Tangu hapo Épiphanie hakutulia. Mikono ilijifunza, moyo ulikuwa Kamembe. Akampigia mumewe simu aangalie kama mabega ya mtoto yako sawa.

"Mabega yake ni mabega," Straton akamjibu. "Weye soma kwanza."

Safari ya kurudi, hata mteremko wa msitu wa Nyungwe aliuona mrefu. Alifika, hakukaa, hakugusa chai.

"Nishimwe, inama."

Mtoto akainama akicheka. Upande wa kulia ukapanda kama kichuguu.

Picha ya eksirei ilionyesha mpindo usiohitaji koreseti bado. Ulihitaji mazoezi na kuangaliwa kwa karibu. Épiphanie akauangalia kupita kiasi. Mtoto akifagia, macho, akiandika, macho. "Kaa sawa. Pumua, ujaze upande ulioingia ndani." Mwisho Nishimwe akaanza kuvaa sweta kwenye joto.

"Maman, unaangaliaka mugongo tu," akamwambia siku moja. "Uso wangu hauonake tena. Kule hospitali uko kine. Hapa uko mama."

Épiphanie alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Akapandisha blauzi yake, akageuka.

"Gusa hapa."

Nishimwe akagusa polepole. "Na weye?"

"Na miye."

Sasa wanafanya mazoezi pamoja mbele ya kioo cha kabati, na Nishimwe ndiye anayesahihisha. "Maman, bega," husema, kwa ukali usio na huruma. Picha iliyofuata ilionyesha mpindo haukunyooka, lakini haukusonga mbele. Mpiga eksirei akampongeza. Épiphanie akashukuru, na papo hapo akauliza watarudi lini kwa nyingine, maana mtoto bado anakua.

Hata kanisani macho yake hayakai. Yanatembea juu ya migongo ya watoto waliopiga magoti mbele yake. Jumapili iliyopita, wakati wa kupeana amani, alimshika mkono mama mmoja asiyemjua, ambaye bintiye alikuwa na bega moja lililoinuka, na hakuuachia.