Baba Mkwe Aliyefumba Macho

Mimi ni mtoto wa Kihesa, Iringa, na kwetu kupaza sauti hakukuwa kosa. Nilipoolewa na dereva wa malori wa Kinyakyusa nikahamia Mbeya, mawifi walinikalisha chini wakanieleza: mke hamtazami baba mkwe wake, wala yeye hamtazami. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayechepuka. Chumba alichomo huingii. Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami.

Mwanzoni sikuona tabu, maana mzee alikaa kwake Rungwe na migomba yake. Tabu ilikuja miaka ile Wachina wakijenga reli. Mguu wake ulipata kidonda kisichopona, mume wangu akamleta ili awe karibu na hospitali. Mama mkwe alikwisha kufa zamani. Tukampa chumba cha uani.

Kila alipotaka kutoka alikohoa, nami nikakimbilia jikoni. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni pake, nikagonga, nikapotea. Akiwa na neno, aliwaambia kuku wetu pale uani.

"Nyie kuku, mwambieni mwenye nyumba uji wa leo hauna sukari."

Nami nikiwa jikoni niliwajibu kuku hao hao: "Mwambieni sukari haipo madukani, avumilie kama wenzake."

Sidhani kama kuna kuku waliotumwa vile Mbeya nzima. Nikikumbuka baridi ile ya asubuhi, moshi umejaa jikoni, na sisi wawili tunagombana kwa adabu zote, natamani irudi hata asubuhi moja.

Kidonda alikiosha mume wangu. Daktari alikwisha kumwambia: maji ya moto na chumvi kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Akisafiri, alikuja jirani mmoja mwanamume. Ikafika masika, lori lake likakwama huko mbele ya Igawa, na jirani naye akaenda msibani Makongolosi. Siku zikapita, hakuna aliyerudi. Harufu ya kile kidonda ikafika jikoni.

Nikachemsha maji. Nikaenda na karai hadi mlangoni pake, kanga nimejitanda hadi puani.

"Mwambieni arudi," akawaambia kuku. "Hii ni aibu. Bora mguu ukatwe."

Hasira zikanipanda.

"Kuku hawapo. Nasema na wewe, baba. Mguu ukikatwa, nani atakubeba kwenda chooni? Si mimi huyu huyu?"

Nilidhani nimeharibu kila kitu, na kwamba nitarudishwa Kihesa na karai langu.

"Haya," akasema. "Nimefumba macho. Ingia."

Kweli alikuwa amefumba, uso ameukaza kama mtoto anayengoja sindano. Nilikiosha kidonda bila kuinua kichwa. Niliogopa laana, lakini kile kidonda kilinitisha zaidi.

Mume wangu aliporudi, mzee alimkataa. Akamwambia mkono wake ni mzito, amwachie mwenye nyumba. Kwa hiyo nikaendelea, yeye akifumba macho kila nikiingia. Majirani waliochungulia wakaanza kunipa pole, eti mzee amepofuka. Mawifi walininunia. Niliwaambia mwenye hamu ya kuosha aje na karai lake.

Kidonda kikakauka. Asubuhi ya kurudi kwake Rungwe, mume wangu akiwa nje anafunga mzigo, niliingia na maji kwa mazoea. Hapakuwa na cha kuosha, ni kovu tu. Nikasahau, nikainua uso. Mzee alikuwa ananitazama. Alinitazama taratibu, kuanzia kilemba hadi miguu.

"Mwe! Sauti yote ile inatoka kwa kamtu kadogo hivi?"

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Naye akacheka, mdomoni hana jino.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante. Kisha akafumba macho tena, ili nitoke kwa heshima.

Nilishindwa kutoka. Nilibaki pale chini karibu na mguu wake, nikimlilia angali hai.