Jina Lisiloitwa Nje

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Tumba, pembeni mwa Stockholm, kulikuwa na jina moja ambalo halikuruhusiwa kuitwa nje. Ndani ya nyumba ulilitaja utakavyo, jikoni, chumbani, hata bafuni. Ukishavuka mlango, liliachwa pale pamoja na ndala. Sheria hiyo ilikuwa ya Koko, mama mzazi wa mama yangu, na jina lenyewe lilikuwa la kaka yangu, Pasikali.

"Ile jina, inje hapana," Koko aliniambia mara nyingi, akinifunga zipu ya koti mpaka kidevuni. "Ukimwita inje na haukumuonyesha njia, atakuja nusu. Atakuwa anazunguka tu. Na mutu mwenye alikuja nusu, hauwezi kumurudisha."

Pasikali mimi simkumbuki. Tulipokimbia vita na kuvuka mto Ruzizi kutoka Kongo kuingia Burundi, yeye alikuwa na miaka kumi, nami nilikuwa mgongoni kwa Mama, bado nanyonya. Mama alivuka kwanza pamoja nami. Koko alibaki ng'ambo na Pasikali ili wafuate. Kesho yake Koko alifika peke yake, akasema mtoto amempotea katikati ya watu. Tangu siku hiyo Pasikali alikuwa "aliyepotea", na ole wako uteleze ulimi useme neno jingine. Kila mwaka Mama aliandikia ofisi ya kutafuta watu waliopotezana vitani, na kila mwaka ilijibu kwamba bado.

Mama alinipenda, sitaki kumsingizia. Lakini kila nilipoingia kutoka shule alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kama mtu anayengoja mgeni wa pili. Nilimwonea wivu mvulana ambaye hata sura yake siijui. Nilitaka aje, basi, ili Mama aache kutazama nyuma yangu.

Nilikuwa na miaka tisa, mwezi wa Agosti, shule ilipokuwa karibu kufunguliwa, kikundi cha Wayi kilipokuja kuonyesha utamaduni wao kwenye uwanja wa nyasi karibu na kwetu. Wayi ni watu wa milimani, kusini-magharibi mwa China. Mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, kwa hiyo nilikwenda na Koko. Yeye alikubali kwa sababu mbili: hapakuwa na kiingilio, na ngoma ilisikika mpaka kwenye roshani yetu.

Tulitandika kitenge kwenye nyasi. Koko alitoa chai ya chupa na mandazi, akaanza kuwakagua wachezaji mmoja mmoja. Walivaa majoho meusi ya sufu nzito yanayoning'inia mabegani, wanawake walikuwa na sketi za rangi tatu na vyuma vya fedha vilivyolia walipogeuka.

"Angalia, na hawa walikuja Sweden na mablanketi yao," alisema. Halafu walishikana mikono wakaanza kuzunguka, miguu ikipiga chini kwa pamoja, na Koko akaacha mzaha. "Hawa ni watu," alisema. "Hawa wanajua kucheza."

Wakawasha mienge. Nchini kwao huwashwa gizani, mtangazaji alieleza, ili kufukuza wadudu shambani na mikosi nyumbani. Lakini jioni ya Agosti Stockholm jua linakaa sana. Moto haukuonekana vizuri. Ulichoona ni moshi, na hewa iliyotetemeka juu ya vichwa vya watu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, wala sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu ya kuona moto unaowaka bila mwanga.

Kisha akaja mzee. Alivaa kofia pana nyeusi, ameshika kengele ndogo. Walimwita bimo, ndiye kuhani wao na msomaji wa vitabu vyao. Alisema kwa lugha yake, na dada mmoja mkalimani akageuza kwa Kiswidi. Mtu akipatwa na hofu kubwa, alisema, au akipotea mbali, roho yake hubaki palepale ilipoangukia. Mtu wa nyumbani akitaja jina lake, mzee huiita irudi, na watu wote huitikia kwamba imefika. Je, kuna anayetaka kuitiwa mtu wake?

Watoto wa Kiswidi walitaja babu zao waliohamia Uhispania, mmoja akataja paka. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, akamwita paka. Mimi nilikuwa nimesimama kabla ya kujiuliza. Nakumbuka Koko alishika upindo wa gauni langu, nami nikajivuta.

"Pasikali," nilisema kwenye kipaza sauti. Jina likatoka kwenye spika nne, likavuka uwanja, likagonga magorofa na kurudi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisikia nje, na lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani.

Mzee hakucheka safari hii. Aliniangalia, kisha akauliza jambo, na yule dada akaniinamia: Alipotelea wapi? Lazima mzee apajue mahali hasa, maana roho huitwa kuanzia pale ilipobaki, na huonyeshwa njia, mto baada ya mto, mpaka mlangoni kwake.

Sikujua. Nikamgeukia Koko, ambaye alikuwa amenifuata mpaka mbele, amesimama na kitenge chetu mkononi. Nikamtafsiria swali.

Nilitegemea ajibu lile tulilolizoea, kwamba hajui, alipotea kwenye watu. Koko alimtazama yule mzee usoni. Wawili wale walilingana umri, hata mikunjo ya macho ilifanana. Akaanza kuongea naye kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba mimi sipo na yule mzee anamsikia.

"Hakupotea," alisema. "Maji ilimuchukua, mukono yake ilitoka mu mukono yangu. Asubui nikamukuta mu matete, ngambo ya Kongo, pale mutumbwi inafungiwaka. Nikamufunika na kitenge yangu. Nilimuchimbia na mufuniko ya sufuria, sababu sikuwa na kingine. Mama yake angejua, angerudi akae pale, na huyu mutoto ananyonya, na masasi inapigwa. Basi nikasema amepotea." Kisha akanigusa bega. "Mwambie."

Yule dada alinisogezea kipaza sauti. Watu wote walikuwa wananingoja, mashavu mekundu kwa jua, na nyuma yao nilimwona mwanafunzi mwenzangu wa darasani akila aiskrimu. Niliona kwamba nikilisema lile neno kwa Kiswidi, lugha ya shule na ya barua, litakuwa kweli, na Mama atalikuta likiwa kweli atakaporudi kutoka zamu.

"Hon vet inte," nilisema. Hajui.

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Ikiwa mahali hapajulikani, yule dada alisema, ataita pande zote nne. Akapiga kengele, akageuka mashariki akaita Pasikali, akageuka kusini akaita, na lilivyotoka mdomoni mwake lilikuwa jina la mtu wa kwao. Kila mara uwanja mzima uliitikia kwa Kiswidi, "Amefika!" Nami niliitikia. Koko hakuitikia. Safari ya nne, mzee alipoelekea kaskazini kwenye miti ya misonobari, Koko aligeuza shingo ghafla, kama mtu aliyeitwa na anayemjua, akabaki ameangalia kule mpaka makofi yalipokwisha. Nilitazama pia. Palikuwa na miti tu.

Tulirudi nyumbani. Kwenye ngazi Koko alisimama kupumzika, akaniuliza, "Yote nilisema, kwa Kiswidi ni maneno tatu?"

Nilitangulia ngazi mbili.

"Bon," alisema. "Sasa umemwita. Na njia haukumuonyesha."

Hakunipiga, hakunigombeza, na hakulizungumza tena. Laiti angenipiga. Taa za ngazini kwetu zilikuwa zile zinazowaka zenyewe mtu akipita, na tangu wiki ile nilianza kuziona zikiwaka kupitia kijidirisha cha mlango, bila hatua, bila mtu. Koko akiziona aliacha kutafuna. Mimi nilijifunika blanketi.

Halafu Mama akaanza kuota. Miaka yote hakuwahi kumwota Pasikali, na hilo lilikuwa likimuumiza. Asubuhi moja alitoka chumbani akicheka na machozi yakimtoka. "Nimemwona," alisema. "Ananiuliza, Mama, muko wapi? Njia iko wapi? Mutoto wangu ni muzima!" Alitukumbatia wote wawili. Juu ya bega lake nilimwona Koko akinitazama, na ndani ya macho yake hapakuwa na hasira, ila uchovu. Mama aliandika barua nyingine kwa ile ofisi siku hiyohiyo.

Ndoto ziliendelea. Koko alifariki nikiwa na miaka kumi na tano, bila kusema. Nami nikanyamaza, kwanza kwa woga, baadaye kwa huruma, na mwisho kwa mazoea tu. Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza akina mama wa kanisani Hagsätra, wanaotoka bonde lilelile la Ruzizi, juu ya mwiko wa kutoita nje jina la aliyepotea. Walishangaa. Mmoja, aliyezaliwa kijiji kimoja na Koko, alinicheka. "Aliyepotea si ndiye wa kuitwa inje? Utamwitia mu sanduku?" Ndipo nilipoelewa kwamba haukuwa mwiko wa watu wetu. Koko aliutunga yeye mwenyewe, awe na kitu cha kuweka juu ya lile kaburi, kwa kuwa udongo uliochimbwa kwa mfuniko wa sufuria haukutosha.

Na hata hivyo, alichoonya kilitokea. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mwiko wa kutunga, lakini taa ziliwaka, na mtoto akazunguka.

Mwaka huu magoti ya Mama yalikataa ngazi. Nilimpatia nyumba ya ghorofa ya chini huko Jakobsberg, jirani nami, akasaini karatasi, tukaanza kufunga vitu. Siku tatu kabla ya kuhama akakataa. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku la sahani.

"Sitoki hapa," alisema. "Amefika kwa gare ya Tumba. Juzi nilimuona, amesimama kwa treni, anaulizia ni mulango gani. Miaka yote hiyo anatembea, sasa amekaribia, na mi nihame?"

Ilikuwa mchana, jua limejaa sebuleni, na bado niliogopa. Nilijua ni nani aliyemtembeza. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamwambia yote: uwanja, mzee, matete, mfuniko wa sufuria, maneno yangu matatu. Nilisema kwa maneno ya Koko mwenyewe, maana nimeyakumbuka moja moja.

Mama hakulia. Jokofu lilizima, likawaka tena.

"Na kitenge gani?" aliuliza.

"Hakusema, Mama."

"Ile ya kijani. Ya ndege. Aliniambia waliiiba Bujumbura." Alipitisha kiganja gotini, kana kwamba analainisha nguo. "Nilimugombeza sana juu ya ile kitenge. Mama yangu, nilimugombeza."

Hapo ndipo alipolia, akimlilia Koko kabla ya mwanawe. Baadaye aliinuka kwa kushika ukuta, akafungua mlango wa roshani, akatoka nje. Chini watoto walikuwa wakicheza mpira. Nilidhani anataka hewa.

"Pasikali!" aliita. Watoto wakasimamisha mpira. "Pasikali, toka mu matete! Vuka, maji haikushike tena. Pita Bujumbura, pita kwa kambi, panda ndege na usiogope. Kamata treni, shuka Tumba. Mulango ya bluu, panda ngazi mpaka étage ya tatu. Njo, mama yako iko hapa!"

Akashika chuma cha roshani kwa mikono miwili. Nilikumbuka kwamba lazima pawe na wa kuitikia, na nyumba nzima ilikuwa na mimi peke yangu.

"Amefika," nilisema.

Hakugeuka. "Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

Tulihamia Jakobsberg Jumamosi ile. Mama bado anamwota, lakini anasema haulizi tena njia. Anakaa tu, anakula, na anamcheka Mama kwa magoti yake. Mimi kazi yangu sasa ni ukalimani. Nakaa kati ya watu wetu na madaktari, na mahakimu, na walimu, na sijawahi kumpunguzia mtu hata neno moja, hata liwe zito kiasi gani. Wenzangu husema nina moyo mgumu. Sentensi ya kwanza niliyowahi kupewa niifikishe ilikuwa ya Koko, na ilinichukua miaka ishirini kuifikisha.