Ndoa Iliyobarikiwa Kitandani

Mimi sijawahi kufanya jambo dogo. Niliondoka Arusha na begi moja la mgongoni, nikarudi kutoka Ujerumani na diploma ya ufundi wa majokofu, mke, Mtanzania mwenzangu niliyekutana naye huko, na kontena la vifaa. Nyumba yetu ya Olasiti, hapo hapo Arusha, niliichora mwenyewe, na hakuna aliyenisaidia hata tofali moja.

Madaktari waliposema hawana dawa tena, nilimrudisha mke wangu katika nyumba hiyo. Nikajifunza kumgeuza bila kumuumiza, kumlowesha midomo kwa pamba, kuisikiliza pumzi yake hata nikiwa nimesinzia kitini. Nasema bila haya: muuguzi wa kunishinda hakuwepo.

Asubuhi moja akaniambia, "Baba, nataka Meza ya Bwana."

"Nampigia mchungaji sasa hivi."

"Nataka tupokee wote wawili. Na unajua hatuwezi."

Nilijua. Tulifunga ndoa serikalini, ugenini, na kwa utaratibu wa kanisa letu la Kilutheri ndoa hiyo haikufikishi mezani mpaka ibarikiwe. Miaka yote tulibaki kwenye benchi wenzetu wakienda mbele kupokea. Nilikuwa nimepanga kuibariki kwa sherehe ya kusimulika mji mzima, ng'ombe wa kuchinja na maturubai hadi barabarani. Ugonjwa ukatangulia.

"Basi tubariki ndoa," nikasema.

"Lini? Mimi si mtu wa wiki ijayo."

"Leo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana nilikupenda. Hujui kuomba, unajua kutangaza tu."

Mchungaji alikuwa kijijini Terrat akiwatembelea washarika. Akaniambia atakuja Jumamosi. "Baba mchungaji," nikamjibu, "bibi harusi hafiki Jumamosi." Nikamsikia akiwaaga wenyeji wake. Kisha akasema, "Bandikeni chai. Nakuja."

Nyumba ikachachamaa! Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alipiga simu mbili tu, na kabla ya adhuhuri kina mama wa kwaya walikuwa wamejaa jikoni wakimenya ndizi za machalari, zile za kupikwa na nyama. Mmoja alimfunga mgonjwa kilemba cha kitenge kipya, mwingine akampaka mafuta mikononi. Mimi nikatoa suti yangu.

"Bwana harusi," shemeji akanitania, "tumbo hilo litaingia humo?"

"Suti hii imeshonwa Ulaya. Inajua kumsitiri mwenyewe."

"Imsitiri haraka basi, vifungo vinalia!"

Nilicheka nao, lakini kila baada ya muda nilirudi chumbani kutazama kama kifua chake bado kinapanda. Kilikuwa kinapanda, kidogo sana.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimeru, aliona magari na kina mama wamejifunga khanga, akaelewa kama mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Akaja amejitwika kuni za msiba, akilia tangu getini: "Yesu wangu, mwanangu ameondoka!"

Sauti ikatoka dirishani, nyembamba: "Shikamoo, mama. Bado nipo. Naolewa."

Kuni zikaanguka chini. Yule mama akajipangusa macho kwa ncha ya khanga, kisha akapiga kigelegele kilichobwekesha mbwa wa mtaa mzima. "Marahaba, mwanangu! Haya, kuni za harusi hizi hapa!"

Mchungaji alifika kwa bodaboda, joho ndani ya mfuko, vumbi hadi kwenye nyusi. Hata chai hakuigusa. Alipofika kwenye maneno ya kifo kitakachotutenganisha, akataka kufunua ukurasa.

"Usiruke, mchungaji," mke wangu akasema. "Hayo ndiyo ninayoyajua vizuri."

Akayasoma. Mimi nilikubali kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe mnadani. Yeye alinong'ona, na hakuna ambaye hakusikia.

Kisha mchungaji akachukua chembe ya mkate, akailowesha divai, akamwekea kwa kijiko. Chumba kizima kikalitazama koo lake. Likasita. Likameza. Nikapokea na mimi, na badala ya kilio nilichokitegemea, furaha ilinipanda kiasi kwamba nilianzisha wimbo kabla ya kwaya, tena kwa sauti mbovu, wakanifuata hivyo hivyo.

"Uliogopa?" mke wangu akaniuliza wageni walipokuwa wanakula.

"Mimi? Niogope nini?"

Akakigusa kifungo cha suti yangu kwa kidole.

"Niliogopa," nikasema.

"Mimi siogopi tena. Nakwenda ninakojulikana."

Maneno hayo yalinishika kuliko mkono wa mtu. Siku zilizofuata nilikaa pembeni yake bila ile hofu ya kuhesabu pumzi. Tulisali, tukasengenya kidogo, tukasali tena. Asubuhi ya mwisho tulikuwa katikati ya Baba Yetu niliposikia nasali peke yangu. Sikukatisha. Niliisali hadi mwisho, kwa sauti kubwa, na Amina nikaisema mara mbili.